Maua Yaliyotoka Siberia

Mwaka 1887 mbegu kutoka bustani ya mimea ya kifalme ya St. Petersburg, Urusi, zilifika Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Aliyezipokea alikuwa William Saunders, mfamasia ambaye kwa miaka mingi alichanganya dawa mjini London, Ontario, huku moyo wake ukiwa bustanini. Mwaka mmoja kabla ya hapo Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuanzisha mashamba ya majaribio, na Saunders akawa mkurugenzi wa kwanza. Mbegu hizo zilikuwa za mtufaha wa Siberia, ambao wataalamu huuita Malus baccata. Tunda lake ni dogo kama njugumawe, tena ni chachu. Hakuna mchuuzi ambaye angelipanga mezani. Lakini mti wenyewe ulizoea majira ya baridi ya kandokando ya Ziwa Baikal.

Saunders alihitaji mti wa namna hiyo, na aliuhitaji haraka. Sheria ya ardhi ya 1872 ilimruhusu mlowezi kuchukua ekari 160 za nyika ya magharibi kwa ada ya dola 10, mradi ajenge, aishi hapo na alime. Reli ya Canadian Pacific ilikamilika mwaka 1885, na treni zikaanza kushusha watu: wakulima wa Ontario, Waskoti, Waaisilandi, baadaye Waukraine kwa maelfu. Walikuta nyasi hadi upeo wa macho, upepo usiozuiwa na kitu, na majira ya baridi ambayo vipimajoto hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Wengi walikuja na miche ya kwao. Mitufaha ya Ontario, micheri ya Ulaya, mawaridi ya bustani za mama zao: mingi ilikauka kabla ya kuona kiangazi cha pili.

Ardhi hiyo haikuwa na wenyewe waliosubiri kufundishwa miti. Wacree, Wasaulteaux na Waassiniboine, ambao mwaka 1874 walitia saini Mkataba wa Nne katika bonde la Qu'Appelle, walijua kila kichaka cha mabonde ya mito. Walichuma tunda la mcheri mchachu wa porini, wakalitwanga pamoja na kokwa zake, wakalikausha na kulichanganya na nyama kavu na mafuta ya nyati wa Amerika kuwa chakula cha safari na cha majira ya baridi. Walijua pia kwamba nyika ilibaki wazi kwa sababu ya moto, ukame na makundi ya nyati. Walowezi wachache waliwauliza. Ingechukua zaidi ya nusu karne kabla ya mcheri huohuo kupandwa kando ya barabara za mijini kama mti wa mapambo.

Miche ya mtufaha wa Siberia ilipelekwa katika mashamba ya majaribio ya Brandon, Manitoba, na Indian Head, katika eneo ambalo leo ni Saskatchewan. Ilipita majira ya baridi bila kudhurika. Kuanzia 1894 Saunders alianza kuichavusha kwa chavua ya mitufaha mikubwa ya Ontario, akitumaini kupata tunda linalolika kutoka kwa mti usiokufa. Alipata machotara kama 'Columbia' na 'Osman', matufaha madogo ya kupikia jemu, wala hayakumtajirisha mtu. Ila mwezi Mei miti ile ilifunikwa maua meupe kuanzia shina hadi ncha, katika nchi ambayo wiki chache tu kabla ilikuwa theluji tupu. Mti ulioletwa kwa ajili ya tunda ukaanza kupendwa kwa maua yake.

Ili kuelewa kwa nini mti mmoja huishi na jirani yake hufa, inabidi kutazama ndani ya kijiti. Maji ndiyo hatari. Yakigeuka barafu ndani ya seli, seli hupasuka na kufa. Mitufaha, na miti mingi ya misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, hujikinga kwa njia ya ajabu: maji yaliyomo katika seli za mbao zake hubaki majimaji hata yakiwa yamepoa mbali chini ya sifuri. Kinga hiyo ina mwisho. Karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri maji hayo huganda kwa ghafla, na mbao hugeuka kahawia. Mierebi na mipopla hutumia njia nyingine. Maji hutoka ndani ya seli taratibu na kugandia nje, katika nafasi zilizo kati ya seli. Seli yenyewe hunyauka, hukauka, lakini haifi. Mwaka 1960 Akira Sakai, mtafiti wa Hokkaido, Japani, alionyesha kwamba vijiti vya miti ya aina hiyo, vikigandishwa kwanza polepole, vinaweza kutumbukizwa katika naitrojeni majimaji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri na bado vikachipua.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililoua miche mingi kuliko kipimo chenyewe cha baridi. Mti hauvai kinga yake siku theluji inapoanguka. Huanza kujiandaa Agosti na Septemba, usiku unaporefuka. Mti uliotoka nchi yenye baridi hafifu huendelea kuchipua hadi Oktoba, na jalidi ya kwanza huukuta na matawi laini yaliyojaa maji. Na huko Calgary, chini ya milima ya Rocky, hata mti uliojiandaa vizuri hudanganywa: upepo wa joto uitwao chinook hushuka mlimani katikati ya Januari, halijoto hupanda zaidi ya nyuzi 20 kwa saa chache, machipukizi huanza kuamka, kisha baridi hurudi. Kwa hiyo mti wa kaskazini lazima ujue kalenda, na kalenda hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Haifundishwi kwa mbolea wala kwa kufunikwa magunia.

Ndiyo maana macho yalibidi yageuke. Bustani za Uingereza, ambazo walowezi wengi walizibeba kichwani, hazikuwa na cha kuwasaidia. Miti iliyofaa ilikuwa upande wa pili wa dunia: Siberia, Manchuria, Korea, milima ya Turkestan.

Mmoja wa waliolielewa hilo mapema alikuwa Niels Ebbesen Hansen. Alizaliwa Denmark mwaka 1866, akahamia Marekani akiwa mtoto, akasoma Iowa, na mwaka 1895 akaajiriwa katika chuo cha kilimo cha South Dakota, mjini Brookings. Miaka miwili baadaye Waziri wa Kilimo, James Wilson, aliyemfahamu tangu Iowa, alimtuma Urusi na Asia ya Kati kutafuta mimea inayovumilia baridi na ukame. Alikwenda kwa reli palipokuwa na reli, na kwa magari ya farasi na sleji palipokosekana. Serikali ilitaka hasa malisho ya mifugo, na Hansen aliyaleta: alfalfa ya Turkestan na nyasi za Siberia. Lakini mtu huyo alipenda miti ya matunda na maua kupita kiasi, na katika safari hiyo alikutana na mtufaha ambao ungebadili sura ya miji ya kaskazini.

Mtufaha huo ulikuwa mwekundu kila mahali. Majani yake machanga ni mekundu, maua ni ya zambarau iliyoiva, gamba la shina lina wekundu, na ukilipasua tunda, nyama yake ni nyekundu hadi kwenye mbegu. Mjerumani Georg Dieck, aliyekuwa na bustani kubwa ya miti huko Zöschen, aliuandika kitaalamu mwaka 1891 na kuuita Malus niedzwetzkyana, kwa heshima ya Niedzwiecki, mkazi wa mji ambao leo ni Almaty, aliyemtumia mbegu. Kwao ni milima ya Asia ya Kati. Wekundu wake hurithiwa kwa nguvu: ukiuchanganya na mtufaha wenye maua meupe, watoto wengi huzaliwa na rangi ya mama.

Hansen aliuunganisha mtufaha huo mwekundu na ule mweupe wa Siberia. Mmoja alitoa rangi, mwingine uvumilivu. Mwaka 1920 alitoa chotara aliyempa jina la Kidakota, 'Hopa', mwenye maua ya waridi yanayojaa mti mzima kwa wiki moja au mbili za mwezi Mei. Vitalu viliung'ang'ania. Kwa miongo kadhaa 'Hopa' ulipandwa mbele ya mahakama, makanisani, shuleni na katika nyua za nyumba kuanzia Minnesota hadi Alberta, mpaka watu wakasahau kwamba mtufaha wa maua ya waridi haukuwahi kuwapo pale.

Mwaka huohuo wa 1920, mwanamke aliyekaribia miaka 40 alianza kazi katika shamba kuu la majaribio la Ottawa. Huyu ndiye anayestahili kuzungumziwa zaidi katika historia hii. Isabella Preston alizaliwa Lancaster, Uingereza, mwaka 1881. Alifika Guelph, Ontario, mwaka 1912 pamoja na dada yake, akajiandikisha katika chuo cha kilimo, lakini darasa halikumshika. Alichagua kufanya kazi katika vitalu vya chuo chini ya Profesa J. W. Crow na kujisomea maktabani. Mwaka 1916 aliunganisha mayungiyungi mawili ya magharibi mwa China na kupata ua refu, jeupe, lenye harufu nzuri, lililopewa jina la mkuu wa chuo, 'George C. Creelman'. Wakulima wa maua wa Ulaya na Amerika wakaanza kumwandikia barua.

Huko Ottawa, William Macoun, mkuu wa idara ya bustani, alimkabidhi mayungiyungi, milalaki, mawaridi, mairisi na mitufaha ya maua. Kazi yenyewe ni ya kuinama. Ua la mama hufunguliwa kwa kibano kabla halijachanua, stameni zote zikatolewa ili lisijichavushe lenyewe. Hufunikwa mfuko. Siku stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, inapoanza kunata, chavua ya baba hupakwa kwa brashi ndogo, mfuko ukarudishwa, na kibandiko kikafungwa. Mbegu zikikomaa hulazwa kwenye ubaridi unyevu kwa majuma mengi, kwa kuwa mbegu ya mtufaha haioti bila kupita majira yake ya baridi. Kisha miche hupandwa mistari kwa mistari na mtu husubiri. Miaka mitano, saba, wakati mwingine kumi, kabla ya ua la kwanza. Zaidi ya tisa katika kila kumi hung'olewa na kuchomwa. Preston alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1946, na aliacha karibu aina 200 mpya.

Mitufaha yake, iliyotokana na damu ya mtufaha mwekundu wa Asia ya Kati, iliitwa huko Ottawa kwa jina la jumla la Rosybloom. Kila mmoja aliupa jina la ziwa la Kanada: 'Simcoe', 'Makamik', 'Athabasca', 'Cowichan'. Mairisi ya Siberia aliyapa majina ya mito. Mayungiyungi fulani yalipata majina ya wanawake waliokuwa wakipiga chapa katika ofisi za shamba hilo, watu ambao hakuna mtaalamu mwingine aliyefikiria kuwakumbuka kwa ua. Mengine, wakati wa Vita Kuu ya Pili, yakaitwa kwa majina ya ndege za kivita.

Milalaki yake ilikuwa kazi ya akili zaidi. Mlalaki wa kawaida, uliotoka Balkani na kupitia bustani za Ulaya, huchanua mapema na mara nyingine jalidi ya mwisho hulichoma ua likiwa bado tumba. Pia hutupa machipukizi kutoka mizizini hadi uani kunajaa. Preston aliunganisha milalaki miwili ya China inayochelewa, na watoto wake walichanua yapata majuma mawili baada ya mlalaki wa kawaida, wakati hatari imekwisha, na hawakutambaa ovyo. Wataalamu waliupa ukoo huo jina lake, Syringa × prestoniae. Yeye aliwapa watoto hao majina ya wanawake wa tamthilia za Shakespeare. Msomaji wa Kiswahili aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, atawatambua Portia, Nerissa na Jessica wakiwa vichaka vya maua ya zambarau vilivyozaliwa Ottawa.

Kilomita nyingi magharibi ya Ottawa, mtu mwingine alikuwa akiurefusha msimu wa milalaki kutoka upande wa mwanzo. Frank Leith Skinner alizaliwa Rosehearty, kijiji cha wavuvi kaskazini mashariki mwa Scotland, mwaka 1882, na akahamia Dropmore, Manitoba, na wazazi wake mwaka 1895. Shule yake iliishia hapo. Pamoja na ndugu zake alifuga ng'ombe, mpaka maradhi ya mapafu yalipomdhoofisha akiwa bado kijana na kazi nzito ikawa haimfai. Aligeukia mimea. Dropmore haikuwa na chuo, haikuwa na maktaba, na majira yake ya baridi ni miongoni mwa makali zaidi ya mashamba ya Manitoba. Skinner alikuwa na stempu. Aliandikiana na Arnold Arboretum ya Boston, bustani za Uingereza, wataalamu wa Urusi na Asia, pamoja na Preston mwenyewe, akiomba mbegu na kutuma zake.

Kutoka Boston alipata mlalaki wa Korea, uliotokana na mbegu zilizokusanywa huko mwaka 1917 na Ernest Wilson, yule msafiri aliyevumbua mimea mingi ya China. Mlalaki huo huchanua mapema mno na machipukizi yake hayaogopi baridi. Skinner aliuunganisha na mlalaki wa kawaida, akapata aina kama 'Pocahontas', inayotangulia mlalaki wa kawaida kwa siku kumi hivi. Kwa kazi ya watu hawa wawili, mmoja katika ofisi ya serikali na mwingine katika shamba la ng'ombe, msimu wa milalaki wa nyika, ambao ulikuwa wiki moja ya kubahatisha, ukafika mwezi mzima na zaidi.

Mwaka 1925 Skinner alifungua kitalu chake cha biashara na kuorodhesha humo tu kilichopita majaribio ya Dropmore. Alitoa zaidi ya aina 140 mpya: milalaki, mawaridi, mayungiyungi, miti ya lindeni, mimea itambaayo ya maua. Alitunukiwa nishani ya MBE ya ufalme wa Uingereza mwaka 1943, na Chuo Kikuu cha Manitoba kikampa shahada ya heshima mwaka 1947, mwaka uleule aliooa akiwa na miaka 65. Alifariki mwaka 1967.

Hakuna haja ya kudhani kazi hii ilikuwa ya watu wawili watatu. Kituo cha utafiti cha Morden, kusini mwa Manitoba, kilichoanzishwa mwaka 1915, kilitoa mtufaha 'Almey' mwaka 1945, wenye ua jekundu lenye nyota nyeupe katikati. Hukohuko walichukua mti wa miiba wa Ulaya uitwao hothoni, aina ya 'Paul's Scarlet' inayopendwa Uingereza lakini isiyoweza kupita hata Januari moja ya Manitoba, wakauchavusha na hothoni wa porini wa Amerika. Mwaka 1949 ukatoka 'Toba', mti mdogo wenye maua yaliyojipanga tabaka, meupe yanayogeuka waridi kadiri yanavyozeeka. Mbegu ya 'Toba' ilitoa 'Snowbird' mwenye maua meupe kabisa, uliotangazwa mwaka 1968. Saskatchewan nako, Les Kerr wa kitalu cha serikali cha Sutherland alizalisha 'Royalty', mtufaha wenye majani ya zambarau iliyokolea kiangazi chote. Percy Wright alitoa 'Thunderchild', uliobeba jina la chifu wa Wacree. Bert Porter wa Parkside alipata mtufaha 'Spring Snow', unaochanua sana na usiozaa tunda hata moja, jambo lililowafurahisha mno wafagiaji wa barabara.

Miti yote hii isingefika popote kama mkulima wa kawaida hangekubali kupanda. Kuanzia 1901 serikali ya Kanada iliwapa wakulima wa nyika miche ya bure kwa sharti kwamba wawe wameandaa ardhi vizuri mwaka mmoja kabla. Kitalu kikubwa kikajengwa Indian Head chini ya Norman Ross. Kwanza ilikuwa miti ya kuzuia upepo: mepo wa Manitoba, eshi, mierebi, na karagana, kichaka cha Siberia chenye maua ya njano ambacho hakijui kufa. Nyuma ya ukuta huo wa miti theluji ilitulia na kufunika mizizi, upepo ukavunjika, na hapo ndipo mama wa nyumba aliweza kuthubutu kupanda mtufaha wa maua au mlalaki karibu na dirisha la jiko. Hadi programu hiyo ilipofungwa mwaka 2013, zaidi ya miche milioni 600 ilikuwa imegawiwa. Kufungwa kwake kulikuwa kosa; kazi ya miaka zaidi ya mia haikupaswa kupimwa kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Elimu ilikwenda kwa treni. Kuanzia 1920 Chama cha Misitu cha Kanada kiliendesha behewa maalumu lililozunguka miji midogo ya nyika, likiegeshwa kwenye reli ya pembeni ya stesheni. Ndani kulikuwa na viti, picha za kuonyeshwa ukutani na mhadhiri aliyelala humohumo. Watoto wa shule walijazana mchana, wazazi wao jioni, kusikiliza jinsi ya kuchimba shimo, kupogoa na kuchagua aina. Behewa hilo liliendelea na safari zake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya reli nayo ilikuwa na bustani katika stesheni zake, ili abiria anayechungulia dirishani aone kwamba nchi hiyo inaota kitu zaidi ya ngano.

Maarifa yaliyokusanywa kwa njia hizi hatimaye yalichorwa ramani. Alfred Rehder wa Arnold Arboretum alitoa ramani ya kanda za baridi mwaka 1927, na wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa yake mwaka 1960, zote zikitegemea tu kiasi cha baridi ya majira ya baridi. Wakanada waliona hilo halitoshi, na mfano wa Calgary unatosha kuonyesha sababu. Ramani yao ya mwaka 1967, iliyotayarishwa na Ouellet na Sherk, ilijengwa juu ya matokeo ya aina 174 za miti na vichaka vilivyojaribiwa katika vituo 108, na ilihesabu pia urefu wa msimu usio na jalidi, mvua, joto la kiangazi, kina cha theluji na nguvu ya upepo. Namba iliyoandikwa leo kwenye kibandiko cha mche sokoni imetokana na vifo vya maelfu ya miche iliyopandwa makusudi ili ijulikane itafia wapi.

Leo Kiswahili husikika katika mabasi ya Winnipeg na Edmonton, kinywani mwa watu waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Wengi wao hufika wakionywa kuhusu Januari. Hakuna anayewaonya kuhusu mwisho wa Mei, wakati mitaa iliyokuwa ya kijivu kwa miezi sita hugeuka waridi na zambarau ndani ya siku chache. Watu hao ni wageni wanaopita chini ya miti migeni, na wote wamekubaliwa na udongo.

Haya yote hayamaanishi kwamba kazi imekwisha au kwamba haikuwa na makosa. Mti mzuri wa mtufaha hauzalishwi kwa mbegu. Hubebeshwa, kikonyo cha mti mmoja kikiunganishwa na shina la mwingine, hivyo kila 'Hopa' ni mwili uleule uliorudiwa mara maelfu. Ugonjwa unaoujua mmoja unaijua yote. Kuvu inayotia majani mabaka meusi iliukuta 'Hopa' hauna kinga, na katika miaka ya mvua nyingi mti huo hubaki karibu uchi kufika katikati ya kiangazi. Rosybloom nyingi za Preston zina udhaifu huohuo, na vitalu vimeacha kuziuza. Ule mcheri mchachu wa porini ulipata siku yake mwaka 1950, kitalu cha Oscar Will cha Bismarck, North Dakota, kilipotangaza 'Schubert', aina ambayo majani yake huanza kijani na kugeuka zambarau mwezi Juni. Miji ya Alberta iliupanda kwa wingi mno, na sasa wafanyakazi wa bustani hukata kila mwaka matawi yaliyovimba kwa kuvu iitwayo fundo jeusi.

Winnipeg ilijengwa chini ya kivuli cha elmu za Amerika, ambazo ni wenyeji wa kingo za mito ya Manitoba. Ugonjwa wa elmu uliingia mjini mwaka 1975, na tangu hapo manispaa hukata maelfu ya elmu ili kuokoa zilizobaki. Miti ya eshi, iliyopandwa kwa sababu inavumilia kila kitu, ilipata adui wake mjini humo mwaka 2017, mende wa kijani anayetoboa chini ya gamba, aliyetoka Asia Mashariki. Watafiti wa uzalishaji miti wamegeukia tena upande uleule alioutazama Hansen: eshi wa Manchuria, aliyekua pamoja na mende huyo kwa karne nyingi, anavumilia mashambulizi yake vizuri zaidi kuliko eshi wa Amerika, na damu yake inachunguzwa ili kupata machotara wapya.

Na yule mama mwekundu wa mitufaha yote ya waridi amekuwa mhitaji. Misitu ya matunda ya Kyrgyzstan na majirani zake imekatwa kwa kuni na kuliwa na mifugo, na Malus niedzwetzkyana sasa umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini kutoweka. Wanavijiji wa Kyrgyzstan, wakisaidiwa na mashirika ya uhifadhi, wanaokota mbegu kutoka kwa miti michache iliyobaki milimani, wanakuza miche katika vitalu vidogo na kuirudisha msituni, ikizungushiwa uzio ili mbuzi na ng'ombe wasiifikie.